Mdudu wa taa si uchawi: Tujifunze kabla ya kudhani

Mvua za kwanza zinapoanza katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu hadi Kibondo, taa za misikiti yetu huvutia wadudu wengi baada ya sala ya Isha. Mmoja wao hutisha: mnene kama kidole cha mtoto, rangi ya kahawia, mwenye mbawa nne na tumbo refu lililojaa. Msimu uliopita alipoanguka juu ya mkeka, baadhi yetu walinong'ona kwamba "ametumwa", na jina la bibi mmoja jirani likaanza kutajwa. Jambo hilo lilitusikitisha, tukaona ni wajibu wetu kulieleza.

Mdudu huyo ni siafu dume. Wengi hatumtambui kwa kuwa siafu tunaowajua, wale wapitao kwa misafara na kuingia majumbani, wote ni majike wasio na mbawa. Malkia wao, atagaye mayai kwa mamilioni, naye haoti mbawa maisha yake yote. Dume peke yake ndiye arukaye. Wala hana mwiba, kwani kwa sisimizi, nyuki na manyigu, mwiba ni kiungo cha kike kilichotokana na kiungo cha kutagia. Akiufikia msafara wa siafu wengine, hao humkata mbawa na kumpeleka kwa malkia wao. Baada ya hapo haishi sana.

Vipi wadudu wa jamii moja watofautiane hivi? Wataalamu hutaja homoni, yaani kemikali ambazo mwili hutumia kujiamrisha. Katika miaka ya 1930, Mwingereza Vincent Wigglesworth alionyesha kwamba tezi ndogo zilizo nyuma ya ubongo wa mdudu hutoa homoni ya uchanga. Ikiwa nyingi, mdudu hujivua ngozi akabaki mchanga. Ikipungua, hujivua akawa mzima, na mbawa zake hukamilika.

Mfano ulio wazi zaidi ni vidung'ata, wale weupe kama pamba wanaofyonza mipapai yetu. Jike hukomaa akiwa na umbo la utotoni, bila mbawa, akaendelea kufyonza. Dume hujifunga katika kifuko cheupe, akatoka na mbawa mbili, lakini hana mdomo wa kulia, na huishi siku chache tu. Watafiti wa Japani waliochunguza vidung'ata waliona kwamba homoni ya uchanga hupanda na kushuka kwa namna tofauti baina ya dume na jike wanapokua.

Basi asije mtu akasema kuwa mbawa ni ubora wa dume. Kila mmoja amepewa kinachofaa kazi yake. Katika Surat An-Nahl, Mwenyezi Mungu (SW) anamwamrisha nyuki kwa umbo la kike la kitenzi cha Kiarabu. Nasi leo twajua kwamba nyuki wakusanyao asali wote ni majike.

Enyi wazazi, mtoto akiogopa mdudu huyu, mwelezeni haya, kisha mfagieni nje taratibu. Surat Al-Hujurat imetukataza dhana mbaya na kusengenyana, na dhana ya uchawi humvunjia mtu heshima, hata kumhatarishia maisha.

Bibi yule tulimwendea nyumbani, tukamtaka radhi. Alhamdulillah, alitusamehe.