Kilo za Ubaoni na Kilo za Mfukoni



Kazi ya kuandika kilo inahama kutoka daftari la karani kwenda kwenye simu na kompyuta. Kwa mchumaji wa chai wa huku Pfunda, au popote mtu analipwa kwa uzito, kilo ndiyo mshahara. Basi tueleze jinsi hesabu inavyoweza kuwa sahihi ndani ya mashine na ya uongo kwenye kioo, bila mtu yeyote kuiba.

Kurasa nyingi za intaneti hujengwa kwa vipande, kwa chombo kiitwacho React, ambacho kampuni ya Facebook ilikitoa kwa watu wote mwaka 2013. Tuseme kila kipande ni karani mwenye ubao. Jambo la ubaoni likibadilika, karani anarudia hesabu yake toka mwanzo, ndipo ubao unarekebishwa. Alichoandika kiganjani tu kinafutika.

Njia inayotumika sana leo, iliyotolewa Februari 2019, inampa karani vitu viwili. Kimoja ni useState, hesabu ya ubaoni: ukiibadilisha, anarudia kazi na watu wanaona namba mpya. Cha pili ni useRef, daftari la mfukoni. Kinachoandikwa humo hakifutiki, na kukibadilisha hakumwamshi karani.

Daftari hilo si baya. Fundi huweka humo namba ya saa inayohesabu sekunde ili aweze kuisimamisha baadaye, na mambo mengine ambayo mchumaji hana haja ya kuyaona. Kuyaweka ubaoni ni kumchosha karani bure.

Lakini tazameni. Mchumaji ana kilo 18 ubaoni, analeta 7. Fundi ameziweka kilo kwenye daftari la mfukoni. Ndani mna 25, ubao unasema 18, na utasema hivyo mpaka jambo jingine limwamshe karani. Mchumaji anagombana na mpimaji, na wote wawili hawana kosa. (Hapo wengi husingizia mtandao!)

Programu mpya ikiletwa kazini kwenu, ijaribuni mbele ya fundi. Pimeni mzigo, mtazame kioo hapo hapo. Namba ikisubiri mpaka mtu aguse kitu kingine, fundi aangalie kilo amezihifadhi wapi. Hadi atakapotengeneza, kila mtu aandikiwe kilo zake kwenye karatasi, na mpimaji atie sahihi.