Ubatizo si Kuzaliwa: Istilahi za Nasaba ya Uskoti

Mfasiri wa nyaraka za nasaba za Uskoti hana budi kutofautisha aina mbili za madaftari. Madaftari ya parokia, ambayo ya kale zaidi huanzia mwaka 1553, yaliandikwa na Kanisa la Uskoti hadi mwisho wa mwaka 1854. Humo mna hasa ubatizo, matangazo ya ndoa na maziko. Tarehe 1 Januari, 1855, serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kwa lazima. Faharasa za aina zote mbili sasa hupatikana kwa intaneti katika ScotlandsPeople.

Basi "tarehe ya ubatizo" isifasiriwe "tarehe ya kuzaliwa", kwani mtoto aliweza kubatizwa majuma kadhaa baada ya kuzaliwa. Kadhalika, "tangazo la ndoa" si ushahidi kwamba ndoa ilifungwa. Hata chini ya "maziko" pengine yameandikwa malipo ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza tu. Kosa la neno moja huweza kumpa mtu umri usio wake, au kumthibitishia ndoa isiyofungwa. Mfasiri na aandike kilichoandikwa, si kinachodhaniwa.