Geji Inasema Nusu, Tangi Kavu

Kati ya Lusahunga na Rusumo kuna kilomita 92 ambazo dereva wa Kagera anazijua kwa mgongo wake. Ni kipande cha mwisho cha barabara inayotoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 huko nyuma, ikipeleka mizigo Rwanda na Burundi, na kwa miaka mingi malori yameitafuna lami yake hadi ikabaki mashimo. Humo ndimo Biharamulo inapoishia na Ngara inapoanzia. Vijiji vinaachana, na sheli hazikutwi kila kona. Ukichepuka Benaco kuelekea Karagwe unaingia pori la Kimisi, ambako kuna miaka magari yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Kuzimikiwa huku kwa kukosa mafuta si jambo la kuchekwa, na linauma zaidi pale mshale wa geji unaposimama katikati ya dashibodi, umetulia, unadai kuna nusu tangi.

Madereva wa michomoko, magari madogo ya abiria, wameshajitafutia dawa: hawaiamini geji hata kidogo. Wanahesabu kilomita tangu walipojaza, Nyakanazi mpaka K9, K9 mpaka Ngara mjini, Ngara mpaka Kabanga. Si ushamba. Volkswagen Beetle zilizotoka kiwandani kabla ya Agosti 1961 hazikuwa na geji kabisa. Injini ikianza kukohoa, dereva aligeuza koki ya akiba, na bodaboda wengi wanafanya hivyo hadi leo. Tatizo ni kwamba kilomita zinaonyesha ulikotoka, hazionyeshi kilichomo. Siku gari likipakia abiria tisa na magunia juu ya keria, hesabu inavurugika njiani.

Kinachopaswa kupima kilichomo ni sensa, kifaa cha kawaida mno. Ndani ya tangi kuna boya, ambalo mafundi wengi huliita floti, na kazi yake inafanana na ya boya la simtank nyumbani, ila hili halifungi maji. Linapopanda na kushuka linasukuma mkono wa waya mgumu. Mwisho wa mkono huo kuna kidole cha chuma kinachoteleza juu ya kibamba chenye njia ya ukinzani. Kidole kikiwa upande mmoja, umeme unapita kwa urahisi. Kikisogea upande wa pili, unapita kwa shida. Geji ya dashibodi haijui mafuta ni nini. Inachokisoma ni ugumu wa umeme kupita, basi.

Ugumu huo hupimwa kwa omu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza, kwa sababu kila kiwanda kina hesabu zake. Toyota nyingi za zamani husoma takriban omu 3 tangi likijaa na takriban 110 likiisha. Mfumo wa Kimarekani unaotumika sana ni omu 33 kwa tangi lililojaa na 240 kwa tupu. Mfumo wa Ulaya uliozoeleka umepinduka: omu 10 ni tupu, 180 ni kujaa. Subaru zinazoendesha magurudumu yote zina tangi lililogawanyika mabega mawili ili shafti ipite katikati, kwa hiyo zina sensa mbili, na fundi anayebadilisha moja bila kujua kuna nyingine atamrudisha mteja wake mara tatu.

Ndiyo maana spea ya mtumba iliyong'olewa kwenye gari la aina nyingine inatisha, hata kama imeingia kwenye tundu bila kusukumwa. Tarehe 6 Agosti 2005, ndege ya shirika la Tuninter la Tunisia iliyotoka Bari kwenda Djerba ilitua baharini karibu na Palermo, na watu 16 kati ya 39 waliokuwamo wakafa. Ndege ilikuwa ATR 72, lakini kipimo cha mafuta kilichofungwa kilikuwa cha ndugu yake mdogo, ATR 42. Kiliingia vizuri, kikawaka vizuri, na kikaonyesha mafuta ambayo hayakuwamo. Fundi wa kijiweni atasema ndege ni ndege na Noah ni Noah. Kosa ni lilelile.

Kwa nini sensa zinakufa mapema huku? Mashimo ni sababu ya wazi: mafuta yanapigapiga, boya linaruka, kidole kinasugua. Ila kuna sababu nyingine inayosemwa kwa nadra, nayo inatokana na mfuko. Bei ya juu kabisa ya mafuta hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi, na wilaya iliyo mbali na bandari hubebeshwa gharama ya usafiri. Mtu anaweka mafuta ya elfu kumi, anakwenda, anaweka tena ya elfu kumi. Tangi halijai kamwe. Kidole cha sensa kinaishi mwaka mzima kwenye kipande kilekile cha mwisho wa njia, kinakisugua na kukila, huku kipande cha juu kikibaki kipya. Halafu siku ya harusi mwenye gari anajaza tangi, anaona mshale unapanda vizuri mpaka juu, anajisifu kwamba geji ni nzima. Ni nzima kwa nusu ya juu tu, ile asiyoitumia. Pampu nayo, ambayo kwenye magari mengi ya petroli imezama ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, inaungua polepole kwa mtindo huohuo.

Mafuta yenyewe yana mchango wake. Kidole na njia yake mara nyingi huwa na fedha, madini yaleyale ya pete, na fedha haipatani na salfa: inafanya utando mweusi unaozuia umeme. Mwezi Mei 2004, petroli yenye salfa iliharibu geji za magari mengi huko Louisiana na Florida, Marekani, hata mamia ya vituo yakasimamisha mauzo. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015, hatua kubwa. Lakini mafuta ya kwenye dumu, yaliyolala juani yakachanganyika na maji, hayajui viwango hivyo.

Sasa tuje kwenye kupima. Utaratibu uliozoeleka vijiweni ni kufungua tangi kwanza na kufikiri baadaye. Mimi nauona ni upotevu wa fedha na hatari isiyo na sababu. Mzunguko huu una sehemu tatu tu: geji, waya na sensa. Ukiukata katikati utajua ubaya uko upande gani.

Kwenye Toyota nyingi ndogo, inua kiti cha nyuma. Chini ya zulia kuna kifuniko cha bati chenye skrubu, na chini yake soketi ya sensa. Kabla ya kuigusa, angalia dashibodi. Je, mshale wa joto la injini nao umekufa? Kama ndiyo, sensa ya tangi haihusiki; tafuta fyuzi au umeme unaolisha geji zote. Kama geji ya mafuta iko peke yake, chomoa soketi na zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Kwenye mfumo wa Toyota mshale unapaswa kuanguka mpaka tupu, kwa kuwa njia imekatika na ukinzani umekuwa mkubwa kupita kiasi. Kisha unganisha waya wa ishara na bodi ya gari, ukipitisha kwenye balbu ndogo ya wati 3.4 ili usiichome geji. Mshale unapaswa kupanda kuelekea kujaa. Usiwe na haraka: geji za zamani zinaendeshwa na ukanda wa metali mbili unaopashwa moto na mkondo, kwa hiyo mshale hupanda taratibu. Kwenye mfumo wa Ulaya mwelekeo ni kinyume.

Mshale ukitii mara zote mbili, geji na waya ni wazima, na ubaya umebaki kwenye tangi au kwenye ethi yake, yaani waya unaorudisha umeme wa sensa kwenye bodi ya gari. Usipotii, acha tangi kama lilivyo. Tatizo liko mbele.

Neno ethi lisipitwe haraka. Vumbi jekundu la Ngara likichanganyika na mvua hula viungo vya chini ya gari, na ethi iliyoota kutu huongeza ukinzani ambao geji ya mfumo wa Toyota inausoma kama mafuta yaliyopungua. Dalili yake ni mshale unaobadilika unapowasha taa au breki, kwenye magari ambayo vifaa hivyo vinatumia ethi moja. Vuta waya wa ziada kutoka pini ya ethi mpaka chuma kisafi cha bodi. Mshale ukisimama mahali pake, umemaliza kazi kwa waya wa nusu mita.

Sensa ikishatolewa kwa haki, iweke juu ya kitambaa, unganisha mita ya omu, inua mkono wa boya polepole. Namba zishuke bila kuruka: 110, 90, 60, 30, 3. Zikikatika ghafla katikati na mita ikasoma njia imekufa, tazama kibamba kwa tochi. Utaona mfereji mwembamba unaong'aa pale kidole kilipopita maelfu ya mara. Namba zikiwa safi, tikisa boya sikioni. Likigugumia, limetoboka na kunywa petroli, na boya lililozama husema tupu siku zote. Kagua na tumbo la tangi: jiwe likilibonyeza kwa chini, mkono haufiki mwisho, na geji haitafika tupu kamwe.

Magari mapya yana kompyuta, na fundi mwenye mashine atakuonyesha msimbo P0462 au P0463. Wa kwanza unasema ishara iko chini mno, wa pili iko juu mno. Hakuna kati ya hiyo unaosema nunua sensa. Na mshale kushuka ukipanda mlima kisha kurudi ukifika tambarare si ugonjwa. Mafuta yamehamia upande wa pili wa tangi.

Kuhusu moto: petroli hutoa mvuke unaoshika hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni kutafuta cheche. Toa waya wa hasi wa betri kabla ya kutoa sensa. Fanya kazi nje, mbali na jiko la mama lishe na mashine ya kuchomelea, na kamwe usimruhusu mtu kuchomelea tangi lililotoka tu kumwagwa.

Ukifika gereji, mwombe fundi achomoe soketi na kukuonyesha mshale unavyojibu kabla hajashika spana ya tangi. Sensa mpya ilipie baada ya kuona ile ya zamani ikipimwa kwa mita mbele yako. Fundi akikataa, nenda kwa mwingine.