Maafisa wa Ardhi Wafunzwe Kusoma Mandhari

Kila masika yanapofika, mtaa wa Manyatta mjini Kisumu hurudi vinywani mwa watu. Maji huingia majumbani, vyoo vya shimo hufurika, na visima vifupi ambamo wakazi wengi huteka maji yao hugeuka kuwa chimbuko la maradhi. Ndipo lawama huanza. Wako wanaowalaumu wakazi kwa kutupa taka mitaroni, wako wanaoilaumu kaunti kwa kutoizibua mitaro hiyo, na wako wanaosema kwamba mvua ni kazi ya Mungu na binadamu hana la kufanya. Lawama hizo hazikosi chembe ya ukweli. Hata hivyo, zote huliacha nje swali moja kubwa: je, wale tuliowakabidhi dhamana ya kusimamia ardhi na maji yetu wamefunzwa kuitazama ardhi hiyo kwa jinsi gani?

Yamkini msomaji atashangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya mitaro na udongo. Nitajitetea kwa neno moja tu, nalo ni mandhari. Neno hili tulilipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutazama. Katika mzizi huo huo tulipata neno nadharia, ambalo walimu na wanafunzi wetu hulitumia kila siku bila ya kukumbuka kwamba ni ndugu wa mandhari. Kwa asili yake, basi, nadharia ni namna ya kutazama, na mandhari ni kile kinachotazamwa. Masikitiko yangu ni kwamba katika mafunzo ya maafisa wetu ndugu hawa wawili wametenganishwa.

Mnamo mwaka wa 1939, mwanajiografia Mjerumani aitwaye Carl Troll, aliyekuwa akichunguza picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, alitunga jina la taaluma ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita ikolojia ya mandhari. Hoja yake kuu si ngumu. Yanayotokea katika kipande cha ardhi hayategemei tu vitu vilivyomo ndani ya kipande hicho. Yanategemea pia majirani zake, mahali kilipo mteremkoni, na njia zinazokiunganisha na vipande vingine. Wataalamu wa taaluma hii huzungumza juu ya viraka, njia nyembamba zinazoviunganisha, na eneo pana linalovizunguka vyote. Njia hizo nyembamba wenzetu wa Tanzania wamekwisha kuziita shoroba, hasa wanapotaja mapito ya wanyamapori. Eneo pana linalozunguka mimi ningependa liitwe tandiko.

Tuyatie maneno hayo kazini. Manyatta ni kiraka cha nyumba zilizosongamana, ambamo mabati na ardhi iliyoshindiliwa kwa nyayo huyatimua maji ya mvua badala ya kuyanywa. Mto Auji ni ushoroba unaoyapokea maji hayo na kuyapitisha Nyalenda kuelekea kinamasi cha Dunga. Kinamasi nacho ni kiraka chenye kazi ya chujio, kwa maana mafunjo yake, ambayo Wajaluo huyaita togo, hupunguza kasi ya maji na kunasa matope kabla hayajafika ziwani. Anayekata mafunjo kupita kiasi, au anayejaza kifusi katika kinamasi apate kujenga, ameliondoa chujio hilo.

Hali ni hiyo hiyo katika bonde zima la mto Nyando. Mto huo huanzia katika nyanda za juu za Nandi na Kericho, hushuka hadi tambarare ya Kano, kisha humwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Kuanzia mwaka wa 1999, watafiti wa kituo cha kilimo-mseto cha ICRAF, wakishirikiana na Wizara ya Kilimo, walilichunguza bonde hilo kwa makini. Picha za setilaiti zilionyesha wazi wingu la matope likitanda ghubani mtoni unapoishia. Udongo huo ulikuwa rutuba ya shamba la mtu fulani mlimani. Ulipofika ziwani ulikuwa balaa kwa mvuvi, kwani rutuba inapozidi majini huyalisha magugumaji, na kila mkazi wa Kisumu mwenye umri wa kutosha anakumbuka jinsi magugu hayo yalivyoziba sehemu kubwa ya ghuba mwaka wa 1998.

Sasa tuwatazame maafisa wetu. Afisa wa kilimo amefunzwa mazao, wa misitu miti, mhandisi mitaro, wa afya vyoo, na mpimaji amefunzwa mipaka. Kila mmoja ni hodari katika kiraka chake. Lakini mhandisi anapouchimba mtaro wa Manyatta ukawa mpana na wa kina zaidi, bila ya kuangalia uendako, maji huongeza kasi na kuwavamia watu wa Nyalenda. Tena, ziwa lenyewe linapojaa, kama lilivyojaa Mei 2020 hata likapita kiwango cha mwaka wa 1964, maji ya mitoni hukosa mahali pa kwenda, nayo hurudi nyuma na kutanda. Mtaro mzuri kiasi gani utashindana na hali hiyo? Isitoshe, tangu mwaka wa 2013 chanzo cha Nyando kimo katika kaunti nyingine na mdomo wake umo Kisumu. Maji hufuata mkondo. Hayasomi ramani ya ugatuzi.

Sheria zetu zimekwisha kulitambua jambo hili. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zote zinatambua vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo huundwa kwa kufuata vijito na mabonde. Kinachobaki nyuma ni mafunzo. Ndiyo maana napendekeza kwamba afisa yeyote wa ardhi, kabla hajakabidhiwa ofisi, atembezwe kwa miguu kutoka kilele cha mteremko hadi ukingo wa ziwa, pamoja na wenzake wa idara nyingine na wa kaunti jirani. Mtihani wake wa mwisho uwe swali hili: uamuzi wako utamfanyia nini mtu anayeishi nje ya mpaka wako?

Pili, mafunzo hayo yafanywe kwa lugha wanayoielewa watu wa mahali hapo. Najua nitaambiwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi na kwamba istilahi zetu ni changa. Najibu kwamba istilahi hukua kwa kutumiwa. Tena tusisahau historia. Wakati wa ukoloni wakulima wa Kenya walilazimishwa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko bila ya kushauriwa, na baada ya uhuru wengi waliyaacha, kwa sababu waliyaona kuwa adhabu ya bwana mkubwa. Ujuzi ulikuwapo, maelewano hayakuwapo. Afisa anayejua kwamba Wajaluo huuita ukingo wa ziwa dho nam, yaani mdomo wa ziwa, amekwisha kupata nusu ya somo lake. Yanayomwagwa mdomoni hayakosi kufika tumboni, na hilo mama anayesuka mikeka pale Dunga hahitaji kuelezwa na mtaalamu.

Walimu wenzangu hawana haja ya kungoja serikali. Darasa lolote la Manyatta laweza kuufuata mtaro mmoja tangu uanzapo hadi uishiapo, likiandika kila kinachoingia ndani yake na kuwauliza wazee jinsi mahali hapo palivyokuwa zamani. Kazi hiyo inahitaji daftari, kalamu na viatu visivyoogopa tope. Miongoni mwa wanafunzi hao ndimo watakamotoka wahandisi, wapimaji na maafisa wa kesho. Wakizoea mapema kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, wataliuliza swali hilo hata watakapokuwa wameketi ofisini na mhuri mkononi.