Vibarua wa Usiku

Kitendawili!

Tega.

Nina vibarua wengi, hawaombi mshahara, na nikiwafunuafunua hawafanyi kazi.

Popo? Hapana. Nyota? Hapana. Nani huyo kasema panya? Panya analipwa, tena anajilipa mwenyewe. Mmeshindwa, basi nipeni mji. Pangani sitaki, nimeshapewa mara nyingi. Nipeni Lushoto. Haya, nimekwenda Lushoto, nimekula mapeasi, nimeshiba, nimerudi. Sasa kaeni vizuri, maana jibu si moja, na kulitoa kunataka jiko.

Tuseme kuna nyumba moja Ngamiani, pale Tanga mjini. Mama wa nyumba ile ni muuguzi, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo zamu ya usiku. Baba anaendesha bajaji, hutoka giza halijaondoka ili awahi abiria wa mabasi. Watoto ni watatu na wote wanasoma. Bibi wa kushinda jikoni hayupo, yuko shamba Muheza na michungwa yake. Ukiwatazama watu hawa mbio zao, utasema wanaishi kwa mkate wa duka na soda. Lakini asubuhi mezani pana mandazi na mtindi, mchana pana maharage yaliyoiva yakalainika, na Ijumaa jioni watoto wa mtaa mzima hujikuta wana shida ya kupita mlango ule. Majirani wanasema mama yule halali. Si kweli. Wiki ya zamu ya asubuhi, saa nne usiku anakoroma. Wasiolala ni vibarua wake.

Kibarua wa kwanza ni mdogo mno, jicho halimwoni. Jioni muuza maziwa hupita na baiskeli yake, madumu yananing'inia huku na huku. Mama hununua lita moja, akayachemsha mpaka yapande, kisha akayaacha yapoe yawe ya uvuguvugu. Hupima kwa kudondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono: likiunguza, bado, likiwa halisikiki kama ni moto wala baridi, tayari. Halafu hutia vijiko viwili vya mtindi uliobaki jana, akakoroga, akafunika, akaliviringisha lile bakuli kwa kitenge na kulisukuma ndani ya kabati. Asubuhi maziwa yameganda, ukiinamisha bakuli hayamwagiki upesi.

Nani kayagandisha? Ndani ya vile vijiko viwili mlikuwa na bakteria, mamilioni kwa mamilioni. Hao hula sukari iliyomo kwenye maziwa na kutoa asidi. Ndiyo maana mtindi ni mchachu. Asidi ikizidi, protini za maziwa huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na maziwa yanakuwa mazito. Sasa mtaelewa kwa nini mama anafuata taratibu zake. Anachemsha kwanza ili kuua vijidudu vingine, wakiwemo wenye kuleta maradhi, vibarua wake waingie kwenye nyumba isiyo na wapangaji. Anapoza kwa sababu maziwa ya moto yangewaunguza. Hayaachi yakawa baridi kabisa kwa sababu kwenye baridi wanasinzia. Na kila siku anabakiza vijiko viwili, maana hiyo ndiyo mbegu. Siku baba alipoumaliza mtindi wote na viazi vitamu, ilibidi mtoto atumwe kwa jirani kuazima.

Mwaka 1857 mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba kuchacha kwa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa wakidhani ni mambo ya kemia tu, maziwa yanavunjika yenyewe. Huku kwetu, Wakalenjin wa Bonde la Ufa kule Kenya wana mursik, maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Wazee wao waliijua kazi yote, na usafi wake na muda wake. Jina la mfanyakazi tu ndilo walilokuwa hawajaambiwa.

Kibarua wa pili anauzwa dukani kwenye pakiti, chembechembe za kahawia, na hamwezi kuamini kwamba yu hai. Ni hamira. Mama anakanda unga wa mandazi saa tatu usiku: unga wa ngano, sukari, iliki iliyotwangwa, tui la nazi na hamira kidogo sana, ncha ya kijiko tu. Wengine hutia kijiko kizima kwa pupa. Wakikaanga baada ya saa moja, sawa. Lakini kwa joto la Tanga, unga wenye hamira nyingi ukilala usiku kucha utapanda, utafurika, utashuka, na asubuhi utanuka kama pombe. Tena si kunuka bure: hamira ikila sukari hutoa gesi pamoja na kilevi kidogo, ambacho huondoka kwenye karai. Gesi yenyewe ni kabonidioksidi, ileile inayowachoma pua mnapokunywa soda.

Kwa nini gesi hiyo haitoroki? Kwa sababu ya mikono ya mama. Unga wa ngano ukikandwa sana unakuwa na utando unaovutika, na gesi inanaswa humo kwenye vijumba vidogo vidogo. Andazi likitumbukia kwenye mafuta ya moto, gesi inatanuka na andazi linavimba na kugeuka mgongo. Asiyekanda vizuri hula andazi gumu, na hapo lawama si ya hamira. Ile baking poda ni jambo jingine kabisa. Yenyewe haina uhai, ikishalowa tu inaanza kutoa povu, basi ukiilaza usiku utakuta nguvu zake nyingi zimeshaisha.

  

Kibarua wa tatu ni joto. Hapa nataka mnisikilize kwa makini, maana hata watu wazima wengi hawajalitafakari jambo hili. Maharage yanaiva kwa joto, wala hayajali kama chini pana moto. Maji ya sufuria wazi, pale Tanga karibu na bahari, yakifika nyuzi 100 yanachemka, na hapo ndipo mwisho. Pepea mpaka mkono uume, ongeza mkaa mpaka gunia liishe, hayazidi 100. Moto wote unaoendelea kuwaka baada ya hapo unarudishia tu joto linalotoroka, na unayafukuza maji yawe mvuke. Basi mama wa Ngamiani akajiuliza: je, nikiliziba tundu joto lisitoroke?

Akachukua kapu kubwa, akalijaza nguo kuukuu, blanketi lililotoboka na mto wa zamani, akaacha shimo la kukaa sufuria katikati. Wiki ya zamu ya usiku, akirudi asubuhi, anachemsha maharage, anaifunika sufuria vizuri, anaitumbukiza kapuni na kuiwekea mto juu. Kisha naye anakwenda kulala. Watoto wakirudi saa saba wanaikuta bado ya moto. Mmewahi kumwona muuza barafu akiifukia barafu yake kwenye pumba za mbao? Ndiyo kazi ileile, ila yeye anazuia joto la nje lisiingie, na mama anazuia la ndani lisitoke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza walihimizwa kupika kwenye masanduku yaliyoshindiliwa nyasi kavu ili kuokoa nishati. Huko Afrika Kusini, mwaka 2008, Sarah Collins alianzisha biashara ya mifuko minene ya kupikia namna hiyo. Kapu la mama halikumgharimu chochote isipokuwa ugomvi mdogo na baba kuhusu ule mto.

Kwenye maharage sitaki mzaha. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo joto dogo haliiondoi. Kwa hiyo yanalowekwa usiku mzima, maji ya kulowekea yanamwagwa, na yanatiwa maji mapya yakatokota kwa nguvu. Dakika 10 za kutokota ndicho kiwango cha chini. Mama huyaacha 20. Baada ya hapo ndipo yanaingia kapuni. Yakitoka, yanarudi motoni yachemke tena kabla hayajapakuliwa. Na kapu si mahali pa kuhifadhi chakula kutwa, kwa sababu kikishakuwa vuguvugu, bakteria wabaya nao hupafurahia.

Kuna na kibarua wa nne, mtungi. Mtungi wa udongo unavuja kidogo kidogo kupitia vitundu visivyoonekana, na maji yanayokauka juu ya ngozi yake huondoka na joto la yale ya ndani. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliweka chungu ndani ya chungu, katikati akatia mchanga mbichi, mboga za wakulima zikawa zinakaa siku nyingi bila jokofu. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Lakini niwaambie ukweli, pale Tanga mtungi haufanyi maajabu. Hewa ya pwani imejaa unyevu, maji yanachelewa kukauka. Dodoma kwenye upepo mkavu, hapo mtungi utakunywesha maji yenye kutetemesha meno.

Mnaniuliza kama mama yule hutengeneza kila kitu. Thubutu! Sabuni ananunua, kwa sababu yale magadi makali ya kutengenezea huunguza ngozi na macho, na kuokoa shilingi chache hakulingani na jicho la mtoto. Chapati za siku za kazi ananunua kwa jirani, kwani chapati inataka mtu asimame nayo mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo hesabu yake, na mimi naikubali: kinachotaka asimame, anakinunua au anakiahirisha, kinachotaka aondoke zake, anakitengeneza. Nimeona watu wanajisifu kubana matumizi huku wameshinda kutwa nzima mbele ya jiko, wamechoma mkaa wa kupikia siku tatu. Watu hao hawajabana kitu.

Sasa Ijumaa. Usiku wa Alhamisi watoto huloweka ukwaju kwenye maji. Kesho yake wanaufikicha kwa mkono safi, wanauchuja, wanatia sukari na tangawizi kidogo, sharubati imekamilika. Zile mbegu nyeusi zinazobaki kwenye chujio hazitupwi. Zinaoshwa, zinaanikwa, na zikitimia 64 zinakuwa kete za bao.

Bao lenyewe nalo lina hesabu yake, ijaribuni. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane. Trei ya mayai ina vishimo 30, safu tano za sita. Moja haitoshi. Mtoto wa pili wa nyumba ile aliwaza siku nzima, akachukua trei mbili. Ya kwanza aliipunguza safu moja, akabakiwa na nne za sita. Kwenye ya pili alikata kipande cha nne kwa mbili. Akaviunganisha ubavu kwa ubavu juu ya kipande cha boksi, akapata nne za nane. Baba alicheka alipoliona, akakaa kumfundisha adabu, akafungwa mara mbili.

Na kashata. Hizi zinasimamiwa na mama, kwa sababu sukari iliyoyeyuka huunguza na kung'ang'ania. Sukari na maji kidogo vinachemka mpaka tone moja likidondoshwa kwenye maji baridi linagumika. Hapo zinamwagwa karanga zilizokaangwa na iliki, inakorogwa haraka haraka, inatandazwa kwenye sinia lililopakwa mafuta na kukatwa kabla haijapoa. Ukichelewa utahitaji nyundo.

Sufuria ya kashata ina sheria moja katika nyumba ile, na imeshaleta kesi nyingi mbele ya baba: anayeikwangua ndiye anayeiosha. Wote watatu huapa kwamba leo hawaitaki. Nusu saa baadaye utamkuta mmoja wao uani, kijiko mkononi, steelwool pembeni.