Otoklevu za Dodoma zisipimwe kwa geji pekee

Jiji la Dodoma liko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzijoto 96 hivi. Kwa mpishi si kitu; kwa anayetakasa vifaa vya upasuaji ni jambo zito. Otoklevu nyingi ndogo, mashine zinazotakasa kwa mvuke wenye presha, huendeshwa kwa kutazama geji, nayo hupima presha ya ndani ikilinganishwa na ya hewa ya nje. Pauni 15 kwa inchi ya mraba, ambazo Dar es Salaam huleta nyuzijoto 121, Dodoma huleta kama 119. Spora sugu za bakteria hazichukulii tofauti hiyo kuwa ndogo: joto likipungua nyuzi 10, muda wa kuziua huongezeka karibu mara kumi, hivyo nyuzi mbili tu hudai muda uongezwe kwa nusu na zaidi. Mwendeshaji anaweza kupandisha presha kwa pauni mbili. Atajuaje kuwa imetosha?

Wengi watasema tepu iliyobandikwa kwenye kifurushi cha vifaa imebadilika rangi. Tepu huonyesha kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Haionyeshi kama mvuke umepenya katikati ya gauni zilizobanwa, ambako hewa iliyonaswa huuzuia. Jibu la uhakika zaidi hutoka kwa bakteria Geobacillus stearothermophilus, asiyemdhuru binadamu lakini mwenye spora zinazostahimili mvuke kuliko vijidudu karibu vyote vya hospitali. Kichupa chenye spora hizo, laki moja hadi milioni, huwekwa mahali mvuke unapofika kwa shida, kisha huatamishwa kwenye nyuzijoto 55 hadi 60. Katika aina iliyozoeleka, maji ya zambarau yakigeuka manjano, zipo zilizosalimika. Kichupa kingine ambacho hakikuingia mashineni huatamishwa pamoja nacho, na hicho ni lazima kigeuke manjano. Kisipogeuka, spora zilishakufa ghalani na kipimo hakifai kitu.

Vichupa vina gharama, na majibu ya aina hiyo huchukua saa 24 hadi 48, wakati kituo chenye seti chache za kuzalishia hakiwezi kusubiri. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haihitajiki kupima kila mzunguko. Mara moja kwa wiki hutosha kwa kazi za kawaida, pia baada ya matengenezo makubwa au mashine kuhamishwa. Vipandikizi ndivyo visubiri majibu. Siku nyingine tepu na geji ziendelee kutumika, mradi kila kifurushi kiandikwe namba ya mzunguko wake. Kipimo kikifeli, vifurushi vyote vilivyotoka mashineni tangu kipimo cha mwisho kilichofaulu visakwe na kutakaswa upya.