Anayeitambua Subaru kwa sikio

Kabla haijaonekana, ilisikika. Juu ya daraja la wapita njia la Roysambu, kwenye Thika Road, kijana mwenye kamera shingoni aliinua kidole kuwanyamazisha wenzake wawili. Chini yao matatu zilipiga honi na makanga waliita abiria wa Githurai, lakini yeye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hodi ya nyumba ya jirani. Impreza, akasema. Ya zamani, na mabomba yake hayajaguswa.

Punde ikapita: buluu, rimu za rangi ya dhahabu, namba inayoanza na KA.

Amejuaje? Swali hilo ndilo lililomrudisha mwandishi darajani Jumapili iliyofuata.

Siri, kijana alieleza, ni mabomba ya moshi. Injini ya Subaru imelala: silinda mbili upande huu, mbili upande ule, pistoni zikienda kushoto na kulia kama ngumi za mabondia. Turbo imekaa upande mmoja. Kwa hiyo katika Impreza hizo za mwanzo, bomba linalotoka upande wa mbali ni refu kuliko la karibu. Moshi wa huku unawahi, wa kule unachelewa. Ndipo unapozaliwa ule mngurumo wa kukatika-katika, ambao kijana huyu aliuiga kwa midomo mara tatu, akijisahihisha kila mara, mpaka akaridhika.

Tena mngurumo huo ni kasoro. Wahandisi wa Subaru waliirekebisha kwenye Impreza STI za lita 2 zilizouzwa Japani miaka ya 2000: mabomba yakalingana urefu, injini ikapumua vizuri zaidi, na sauti ikanyooka. Wapo wenye magari hayo Nairobi wanaomlipa fundi ayang'oe mabomba mazuri na kuwafungia yasiyolingana, ili tu gari ligurume. Kijana hawacheki. Angekuwa na gari, alisema, naye angefanya vivyo hivyo.

Mapenzi haya hayahitaji maelezo marefu kwa Mkenya. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akafuata mwaka 2000. Kabla yao, 1993, Patrick Njiru alikuwa ameiendesha ile Subaru Vivio ndogo iliyoshangiliwa kila ilipopita.

Katika daftari lake kijana huandika rangi, mahali, saa, na herufi tatu za mwanzo za namba. Herufi hizo kwake ni cheti cha kuzaliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, na Impreza za kizazi cha kwanza zilikoma kutengenezwa mwaka 2000. Zilizopo ndizo hizo. Moja ikigongwa, au ikiishia kuuzwa vipande-vipande Kirinyaga Road, haina mbadala. Akipata habari hizo, hupiga mstari kwenye daftari, kwa rula, taratibu. Kurasa za mwanzo zina mistari mingi.

Kuna jambo moja ambalo hakulizungumza mpaka alipoulizwa. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya serikali, simulizi za waliotekwa nyara zilizitaja tena na tena Subaru zisizo na namba. Jina lilelile, pengine mngurumo uleule. Je, bado anausikia kama zamani? Alifunga daftari. Dada yake, alisema, siku hizi huingia ndani akisikia Subaru ikipunguza mwendo nje ya ploti yao, na yeye hajui amwambie nini. Kumweleza habari za mabomba hakusaidii.

Jua lilikuwa likishuka upande wa jengo la maduka la TRM. Mngurumo mwingine ukaanza kusikika kutoka Kasarani, mzito, wa polepole. Wenzake wakamtazama wakingoja ataje aina. Ilipita Subaru Legacy nyeusi, vioo vyeusi pia.

Kamera ilibaki kifuani.